Gololi Iliyoshika Kutu

"Hivi, mtu ukimpenda, unaweza kweli kumpeleleza?"

Aliyeuliza hivyo, zamani kidogo, ni jirani yake Sajini, walipokuwa wamekaa kibarazani wakichambua mchele. Sajini alitoa kijiwe, akakitupa uani, akajibu, "Usiyempenda humpelelezi, unamhukumu tu. Wa kumpeleleza sawasawa ni yule unayemtakia heri." Jirani akacheka, akasema hayo ni maneno ya polisi mstaafu aliyekosa kazi.

Asubuhi hii kazi ilikuwapo, na watu wote waliokuwa ndani ya kazi hiyo Sajini aliwatakia heri. Taabu yenyewe ilikuwa hiyo.

Kiwanda cha jibini kilikuwa mwisho wa barabara, ukuta mweupe na geti la bluu. Siku nyingine ukifika hapo unapokewa na harufu ya maziwa ya moto. Leo ilikuwa harufu ya maziwa yaliyolala mtaroni. Tajiri, mwenye kiwanda, alikuwa ofisini kwake ghorofani, amesimama dirishani, kilemba kimekaa upande. Alikuwa mwanamke wa kuhesabu maneno, lakini alipomwona Sajini yalimtoka yote kwa mpigo.

"Tangi zima, Sajini! Maziwa ya wafugaji wa upande wote huu. Nimeyamwaga kwa mkono wangu huku nalia kama niliyefiwa. Usiku wa siku nne zilizopita maji ya chumvi yalirudi nyuma kwenye bomba yakaingia kwenye maziwa. Na kisa ni hiki."

Akasukuma kisahani mezani. Ndani yake kulikuwa na gololi moja ya chuma, kubwa kama zabibu. Upande mmoja iling'aa kama kioo. Upande wa pili ilikuwa na vishimo vyekundu, kama uso uliopona ndui.

Sajini hakuigusa. Aliinama akaitazama, akauliza, "Inakaa wapi hii?"

"Kwenye valvu. Pampu ikisukuma maji ya chumvi kwenda kwenye jibini, gololi inanyanyuka maji yanapita. Pampu ikinyamaza, gololi inashuka inaziba, maji yasirudi. Sasa gololi yenye mashimo itaziba nini?"

"Na umeniita nitafute nini?"

Tajiri akakaa. "Gololi hii siyo tuliyonunua kwa ajili ya valvu. Fundi anasema yeye alichukua kwenye kopo lenyewe la valvu, kama siku zote, na Fundi hasemi uongo. Basi ndani ya kopo mtu alibadilisha. Ufunguo wa stoo anao Kufuli. Halafu juzi, baada ya balaa hili, binti wa kaka yangu amemwona Kufuli kwa macho yake anamimina gololi kutoka kopo hili kwenda kopo lile, anabandua na lebo. Mtu asiye na hatia anabandua lebo za nini? Ameuza zile nzuri, akajaza hafifu. Kilipowaka akazirudisha."

"Umemuuliza?"

"Nimemuuliza. Kanitazama tu. Unajua kwa nini anaitwa Kufuli." Tajiri alivuta pumzi. "Saa tisa polisi wanakuja kumchukua. Nimewaita mwenyewe."

"Sasa mimi wa nini?"

"Kwa sababu akili inasema ni yeye na moyo unakataa. Nimekaa na yule mtu tangu kiwanda ni sufuria mbili na jiko la mkaa. Nataka uniambie kipi kati ya hivi viwili kinaniongopea."

Sajini akaifunga gololi kwenye leso. Mlangoni akageuka. "Fundi anajua kwamba mwizi mnayemsema ni Kufuli?"

"Hajui. Nimemwambia Kufuli anamwuguza mkewe. Wale ni chanda na pete, Sajini. Nikimwambia, atagoma na yeye, na mimi nitabaki na mashine zisizo na mwenyewe."

*

Karakana ilikuwa nyuma, chumba kirefu chenye meza ya mbao iliyolowa grisi ya miaka. Fundi aliupa mlango mgongo, anakaza kitu kwa spana.

"Karibu, Sajini," alisema bila kugeuka. "Hizo ndala zinaburuta mguu wa kushoto. Goti limeanza tena?"

"Shikamoo, Fundi. Goti na mimi tumezoeana."

"Marahaba, mama. Kaa. Kigoda kiko palepale."

Kila kitu kilikuwa palepale. Spana zilipangwa ukutani kwa ukubwa, bisibisi kwenye mikebe yake, tambara kwenye msumari wake. Huyu ndiye aliyemtengenezea Sajini pampu ya kisima mwaka ule wa msiba wake, akakataa malipo, akaomba chai tu na dua. Sasa yeye ndiye aliyemimina chai, kutoka kwenye chupa, huku amekunja kidole kwenye ukingo wa kikombe. Chai ilipogusa kidole akaacha. Hakumwaga tone.

Sajini alikitazama kile kidole, akapokea kikombe, akashukuru.

"Nimekuletea mgonjwa," akasema, akaiweka gololi kwenye kiganja cha Fundi.

Fundi hakuisogeza kwenye mwanga. Aliizungusha kwa dole gumba, akapitisha ukucha juu ya vile vishimo, polepole, kama mama anayetafuta chawa kwenye kichwa cha mwanawe.

"Imeliwa na chumvi. Kutu ya mvua hutambaa juujuu. Chumvi haitambai, inadunga. Inatafuta pahali padogo, inaingia, inachimba."

"Lakini si mnasema hiki ni chuma kisichoshika kutu?"

Fundi alicheka hadi mabega yakatikisika. "Mama, hilo ni jina la ukoo! Ndani ya ukoo kuna kila aina ya watu. Kuna gololi ngumu, hiyo ni ya beringi. Inazunguka kutwa kucha na imebebeshwa uzito, haibonyei. Ukiipa grisi yake, mtazeeka pamoja. Ila ukiitia kwenye maji ya chumvi, ndiyo haya. Halafu kuna hii nyingine, laini kidogo, lakini chumvi ikija inaitazama tu. Hiyo ni ya valvu. Nayo ukiitia kwenye beringi itabonyea kama ndizi, mashine itaanza kulia wiki ya kwanza."

"Kwa hiyo iliyo bora ni ipi?"

"Usiulize ipi bora. Uliza itaenda kuishi wapi. Si ndivyo mnavyowachagulia watoto wenu wachumba?"

"Mimi wangu alijichagulia mwenyewe, wala hakuniuliza."

"Basi subiri mlio."

Wakacheka wote wawili. Sajini akanywa chai kidogo, kisha akauliza kwa sauti ileile, "Na ukizitazama, unazitofautishaje?"

"Hutofautishi. Zote zinang'aa, uzito ni mmoja. Kinachojua ni sumaku. Ile ngumu inaganda kwenye sumaku, tak! Hii ya valvu haigandi. Labda ivutwe kidogo sana, kama mtu aliyeitwa na mkwe asiyempenda. Sumaku yangu nilimpa Kufuli, maana yeye ndiye anayepima mzigo ukifika. Akishapima akaweka rafuni, mimi sina haja ya kupima tena. Kufuli hajawahi kukosea." Akaiweka gololi mezani. "Mtafuteni muuza vipuri. Huyo ndiye katuchanganyia gololi."

Sajini alitoa mkobani karatasi ya bidhaa aliyopewa na Tajiri. "Hebu nisomee hapa, Fundi, haya maandishi madogo yananishinda."

"Eh, umenikosa. Miwani nimeiacha nyumbani."

Miwani ilikuwa imechungulia mfukoni mwa shati lake. Sajini akaikunja karatasi, akairudisha mkobani.

*

Stoo ilikuwa safi kuliko sebule za watu wengi. Binti wa kaka yake Tajiri alikuwa amesimama katikati ya rafu, mikono ameikamata nyuma, kama mtoto anayengoja kuulizwa hesabu. Alikuwa na bidii na heshima, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Mimi sikutaka kumchongea, mama. Kufuli ananiita mjukuu. Lakini Shangazi aliniuliza nimeona nini, nikasema nilichoona."

"Ulifanya vizuri. Aliyeona na aseme. Ulianza lini kushika stoo?"

"Mke wa Kufuli alipolazwa kwa operesheni. Kufuli akawa analala hospitali kwake. Shangazi akaniambia nishike mpaka arudi."

"Na ulipoingia ulikuta nini?"

Binti aliona haya kidogo. "Nilikuta fujo. Fujo yake mwenyewe, sijui nisemeje. Vitu viko safi, lakini havina hata lebo moja. Yeye anajua kwa kichwa. Nikasema nimsaidie, akirudi afurahi. Nikaandika kila kitu. Herufi kubwa, kalamu nyekundu."

"Na gololi?"

"Zilikuwa kwenye yale makopo." Akaonyesha rafu ya katikati. Makopo mawili ya biskuti, moja la duara, moja la mraba, yote yamekwaruzika. "Gololi za beringi zilikuwa nyingi, zimefurika kwenye lile la mraba mpaka kifuniko hakifungi. Za valvu zilikuwa chache, zimelala chini ya hili kubwa la duara. Nikazibadilisha. Nyingi nikazitia kwenye kubwa, chache kwenye dogo."

Sajini aligeuka polepole. "Rudia, mwanangu. Za beringi ulizitia wapi?"

"Kwenye la duara. Lakini niliandika, mama! Beringi, nikabandika. Valvu, nikabandika. Asiyeona ni nani? Zilikuwa zinasomeka toka mlangoni."

Sajini alilitoa kopo la duara rafuni, akalifungua. Gololi chache, chini kabisa. Akapitisha kidole ubavuni mwa kopo. Gundi ya lebo ilikuwa bado inanata.

"Kwa hiyo Kufuli alipomimina juzi, alikuwa anazirudisha kama zilivyokuwa kabla yako."

"Ndiyo. Na lebo akazibandua, akaziweka mfukoni. Nikaona kama..." Akafuta macho kwa kiganja. "Nikaona kama hakutaka hata mwandiko wangu ubaki."

"Usilie. Kuandika si kosa. Fundi alibadilisha gololi za valvu lini?"

"Kufuli akiwa bado hospitali. Alikuja akaingia mwenyewe. Nikamwambia nikutolee, akasema, la, mjukuu, mimi naijua rafu hii kama godoro langu."

*

Muuza vipuri alikuwa na kibanda kilichojaa hadi mlangoni, akakaa nje kwa kukosa nafasi ndani. Alikuwa mtu wa maneno mengi, na aliposikia upelelezi akayaongeza.

"Mimi, mama, nauza gololi, siuzi roho yangu! Mwenye kiwanda cha jibini nimuuzie hafifu? Kesho nitakula wapi? Njoo, njoo uone."

Akachomoa boksi chini ya meza. Gololi za valvu zilikuwa kwenye mifuko ya nailoni, kila mfuko umechomwa kwa moto ukafungika. "Mzigo uleule waliochukua wao. Haujaguswa." Akatoa sumaku yenye umbo la kwato, akapasua mfuko, akaisogeza. Gololi ziliviringika kidogo, zikatulia. Hakuna iliyoganda. Akachukua mfuko mwingine wenye gololi za beringi, akasogeza. Tak, tak, tak! Zikajipanga kwenye sumaku kama siafu.

Sajini akatoa ile yenye kutu. Nayo ikaruka, tak.

"Hii ni ya beringi," muuzaji akasema. "Nzuri kabisa, ila imepotea njia. Maskini, imekufa ugenini."

"Kufuli amewahi kukuletea gololi umrudishie pesa? Au kwa mwenzako yeyote hapa?"

"Kufuli?" Muuzaji alisahau kupiga kelele. "Kufuli akizidishiwa nati moja anairudisha kwa miguu, juani. Sote hapa tunamtania kwamba peponi ataingia amebeba risiti."

"Mnawauzia kwenye makopo?"

"Makopo ya nini? Nailoni tu, kama unavyoona."

Sajini aliomba aazimwe ile sumaku. Akapewa, na dua juu yake.

Kwa hiyo bidhaa ilikuwa halali, na hakuna gololi iliyouzwa. Zilizotiwa kwenye valvu zilitoka kwenye kopo lililoandikwa "beringi" kwa herufi nyekundu. Aliyezichukua alikuwa na hakika kabisa kwamba ni za valvu, na aliyezirudisha mahali pake alikuwa tayari kuitwa mwizi kuliko kusema kwa nini. Sajini alitembea na mawazo hayo upande wa kivuli, huku midomo yake inacheza. Alikuwa na desturi ya kumwomba Mola amwonyeshe haki, na kila mara aliongeza, kimoyomoyo, amwonyeshe na pa kuishikia isimkate mtu.

*

Kufuli alikuwa jikoni kwake, anakoroga uji wa mkewe. Alimkaribisha Sajini kwa kichwa, akamsogezea kiti, akamtilia chai, akarudi kwenye sufuria. Mke wake alikuwa amelala kwenye kochi la chumba cha pili, mlango wazi, shuka hadi kidevuni.

"Uliuza gololi?" Sajini akauliza.

"Sikuuza."

"Juzi ulizihamisha?"

"Nilizihamisha."

"Kwa nini?"

Mwiko ulizunguka. Uji ulitoa povu, akaupunguzia moto.

"Kufuli, saa tisa wanakuja."

"Najua. Nimeshaongea na dada yake, atakuja kumkalia." Akaonyesha kwa kidevu chumba cha pili. "Wewe andika mwizi, Sajini. Mwandiko wako mzuri."

"Mwizi?" Sauti ilitoka kwenye kochi, kali kuliko mtu mwenyewe alivyoonekana. "Nani mwizi? Huyu? Huyu kitu pekee alichoiba maisha yake yote ni makopo yangu ya biskuti!"

"Mama, pumzika," Kufuli akasema.

"Sipumziki. Nimekatwa tumbo, sijakatwa ulimi. Sajini, ingia huku nikwambie."

Sajini akaingia, akakaa ukingoni mwa kochi, akamshika mkono. Ulikuwa mwepesi na wa moto.

"Nilikuwa na makopo mawili ya duara, mazuri, ya kuwekea unga na sukari. Huyu bwana akaja siku moja anataka kopo la stoo. Nikasema haya, chukua yote mawili, yafanane, yapendeze. Akasema la. Anataka moja la duara na moja la mraba. Akaenda kwa jirani kubadilishana! Nikamwuliza, gololi zako nazo zina harusi, mpaka zivae tofauti? Akaniambia, lazima yasifanane. Lazima. Mpaka leo hajaniambia lazima ya nani."

Jikoni mwiko ulikuwa umesimama.

Sajini hakugeuka. Alikumbuka kidole kwenye ukingo wa kikombe. Alikumbuka miwani iliyoachwa nyumbani huku imo mfukoni. Akampapasa mgonjwa mkono, akainuka, akarudi jikoni. Kufuli alikuwa ameinamia sufuria, ameona haya kama kijana aliyekamatwa na barua ya mapenzi.

"Lazima ya nani, Kufuli?"

"Chai yako inapoa, Sajini."

"Yeye anajua kwamba wewe unajua?"

Kufuli alimimina uji kwenye bakuli, akafuta ukingo kwa kitambaa, akaupuliza. Mwishowe akasema, kwa sauti ya kumwomba mtu, "Mikono yake haijakosea hata siku moja. Ukimtoa kule, atakaa wapi? Mimi nikifungwa nitatoka."

"Na ingekuwa si maziwa? Ingekuwa ni boila, likalipuka?"

Kufuli alizima jiko. Alichukua bakuli akampelekea mkewe, na Sajini alimsikia akisema, "Fungua mdomo, mwenye makopo."

*

Sajini alipitia stoo kwanza, akamwomba Binti azirudishe gololi kama alivyoziweka yeye Binti, na aandike lebo upya. Kisha akayabeba makopo yote mawili chini ya kwapa hadi karakana.

Fundi alikuwa amemaliza kazi yake, anajifuta mikono.

"Umerudi. Goti linakusumbua zaidi sasa, umetembea sana. Mmemkamata muuza vipuri?"

"Bado." Sajini aliyaweka makopo mezani, kando kwa kando. Kwenye la duara herufi nyekundu zilikuwa kubwa kama kiganja: BERINGI. Aliomba msamaha ndani ya moyo wake kwa alichokuwa anataka kufanya. "Nimekuletea makopo ya stoo. Hebu nichagulie gololi ya valvu, Fundi. Moja tu."

"Hiyo ndiyo kazi?" Fundi alitabasamu. Mkono wake ulitambaa juu ya meza, ukagusa kopo la mraba, ukaliacha, ukafika kwenye la duara. Akazungusha vidole kwenye mkunjo wake kama anayemsalimia mtu wa nyumbani. Akafungua, akatoa gololi, akaisugua kwenye shati, akampa. "Hiyo hapo. Itie baharini ukitaka."

Sajini aliipokea kwa mkono mmoja. Kwa mkono mwingine alikuwa ameshika sumaku.

Tak.

Tabasamu la Fundi lilibaki mahali pake kwa muda, kama taa iliyosahauliwa mchana.

"Hiyo ni sumaku," akasema.

"Ni sumaku, Fundi."

"Rudia."

Sajini akaivuta gololi, akaisogeza tena. Tak.

Fundi akalishika kopo kwa mikono miwili, akalizungusha lote, juu na chini. "Hili ni la duara. La duara ni la valvu. Siku zote."

"Binti alizibadilisha Kufuli alipokuwa hospitali. Hakujua. Lakini aliandika, Fundi. Maandishi yapo hapo, chini ya kidole chako, mekundu."

Kidole kikakuta ukingo wa karatasi. Kikaufuata upande hadi upande. Nje mtu alikuwa anaosha sakafu, maji yanakwenda na ufagio.

"Miwani yangu..." Fundi akaanza.

"Imo mfukoni mwako," Sajini akasema polepole. "Imeanza lini?"

Fundi akatafuta kigoda kwa kisigino, akakaa. "Ilianza kama moshi. Nikadhani ni moshi wa kuchomelea, nikasema utapita. Kisha herufi zikaondoka. Mikono ikabaki. Nikasema Mungu hakuninyima vyote." Alikuwa bado ameshika kopo magotini. "Ya gololi ndiyo iliyokuwa inaninyima usingizi, maana kwa mkono hazitofautiani, na kumwomba Kufuli anirudishie sumaku ni kujitangaza. Nikawa kila nikiingia stoo naomba dua. Na Mungu akasikia. Muuza vipuri akaanza kutuletea zile za valvu kwenye kopo la duara, na hizi kwenye la mraba. Hakuna mtu aliyejua nimefurahi kiasi gani. Kopo tu, Sajini, na mimi nikalia."

"Muuza vipuri anauza kwenye mifuko ya nailoni."

Fundi akainua uso.

"Hayo ni makopo ya biskuti," Sajini akasema. "Ya mke wa Kufuli. Lile la mraba alibadilishana kwa jirani. Mkewe anamwambia yafanane, yeye anasema lazima yasifanane."

Fundi alipitisha kiganja juu ya kifuniko cha kopo, akakuta maua yaliyochorwa kwa mwinuko kwenye bati, yale ya kopo la biskuti, ambayo bila shaka alikuwa ameyagusa kila wiki asiulize yametoka wapi.

"Kwa hiyo Kufuli anajua."

"Anajua."

"Hajaniambia neno."

"Hajamwambia mtu. Gololi ilipotoka na kutu alielewa mara moja. Akaenda stoo akazirudisha kila moja kwenye kopo lake, akabandua lebo, usije ukakosea tena. Binti akamwona. Wewe nawe ulishasema umechukua kwenye kopo lenyewe la valvu. Maneno yako na macho ya Binti yakikutana, mwizi ni Kufuli. Hakupumzishwa kumwuguza mkewe, Fundi. Saa tisa polisi wanakuja kumchukua. Nilipomuuliza kwa nini alizihamisha, akaniambia niandike mwizi."

"Mkewe juzi tu katoka hospitali."

"Ndiyo. Nimemwacha anamlisha uji."

Fundi aliitikia kwa kichwa, mara kadhaa, kama mtu anayesikiliza mashine na kuanza kuujua ugonjwa wake. Sajini alitaka kumwambia kwamba Tajiri ana moyo, kwamba kuna madaktari wa macho, kwamba mtu mwenye mikono kama ile anaweza kuwafundisha vijana. Akayameza yote. Hayakuwa yake kuyasema, na saa ya ukutani ilikuwa imekaribia tisa.

Getini gari lilipiga honi, na geti la bluu likaanza kulia kwenye bawaba zake.

Fundi akaliweka kopo mezani. Akainuka, akavua aproni, akaitundika. Mara ya kwanza mkono uliukosa msumari, ikabidi aupapase ukuta mpaka aupate. Akajifunga kifungo cha juu cha shati, kama mtu anayekwenda kwenye nyumba ya ibada. Kisha akaweka vidole vya mkono wa kushoto ukutani na kuelekea mlangoni. Sajini akasikia viatu vyake vinapita kwenye sakafu yenye maji, vinafika kwenye ngazi ya ofisi ya Tajiri, vinaanza kupanda.